Carl Akeley: alitaka kupiga picha ya simba, akatengeneza kamera iliyofuata hata ndege za vita

Katika uwanda wa Kabara, kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi, ndani ya mbuga ya Virunga, kulichimbwa kaburi la Mmarekani aliyefariki tarehe 17 Novemba 1926. Anaitwa Carl Akeley. Hapa Kivu ya Kaskazini, wanaomfahamu humtaja kama mmoja wa watu waliomshawishi mfalme wa Ubelgiji aanzishe mbuga hiyo. Wapiga picha wana sababu nyingine ya kumjua.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 huko Clarendon, jimbo la New York. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa na kuwasimamisha wafanane na wazima. Alifanya hivyo kwa majumba ya makumbusho ya Milwaukee, Chicago, kisha New York. Mwaka 1896, huko Somalia, chui alimrukia naye akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka 1910 tembo alimponda kwenye mteremko wa mlima Kenya, akapona kwa shida. Ni katika safari hiyo ndipo kamera ilipomwangusha.

Alitaka filamu ya wawindaji wa Kinandi wakimchoma simba kwa mikuki. Kamera za wakati ule ziliendeshwa kwa mkono. Mkono mmoja ulizungusha filamu, mwingine ulizungusha kishikio cha kuigeuza kamera kushoto na kulia, na kulikuwa bado na kishikio cha tatu cha kuinua na kushusha. Kwa mtu mwenye mikono miwili, hesabu haikutimia. Simba alikuwa ameshaanguka kabla kamera haijamwelekea.

Akeley alirudi Marekani akakaa miaka kadhaa akiunda kamera yake mwenyewe, na mwaka 1915 akapewa hati ya uvumbuzi. Ilikuwa ya mviringo kama ngoma fupi. Ndani ya kichwa cha miguu mitatu aliweka magurudumu mazito yaliyozunguka kila kamera ilipogeuzwa, yakaufanya mwendo wake uwe laini, bila kuruka-ruka. Mtu alishika mpini mmoja tu, akaigeuza kamera upande wowote, huku mkono wa pili ukizungusha filamu.

Hapo ndipo lenzi ndefu ilipopata maana. Lenzi ya namna hiyo humleta mnyama karibu, lakini pia hukuza kila mtikisiko wa mkono, na kwa kuwa inaona sehemu ndogo tu, mnyama akikimbia humpotea mpiga picha mara moja. Akeley alifunga lenzi mbili zinazolingana, moja ya filamu na moja ya jicho, ili mpiga picha aone kile kile kinachopigwa, hata akibadilisha lenzi. Tundu la kupitisha mwanga alilifanya pana kuliko kawaida, jambo la lazima msituni ambako mwanga ni haba. (Vijana wengi wanaonunua kamera leo huuliza kwanza urefu wa lenzi. Akeley alianza na miguu ya kuisimamisha, na nadhani alikuwa na haki.)

Kinachomfaa mpiga picha wa simba kilimfaa pia wa ndege. Katika vita kuu ya kwanza, jeshi la Marekani lilichukua kamera hizo kwa ajili ya wapiga picha wake. Baadaye Hollywood ilizitumia kupiga mapigano ya angani katika filamu ya Wings ya mwaka 1927. Robert Flaherty naye alibeba kamera mbili za Akeley hadi kwenye barafu ya Kanada ya kaskazini kwa ajili ya Nanook of the North.

Mwenyewe alileta yake Kongo mwaka 1921. Hapa hadithi si safi. Akeley alikuja Mikeno na Karisimbi kuua gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York, na watano waliuawa. Lakini katika safari ile ile aliweka bunduki chini, akawapiga gorila walio hai filamu kwa lenzi ndefu, filamu ya kwanza ya aina hiyo inayojulikana. Aliporudi kwao alianza kudai kwamba milima hii ilindwe, kwani aliona wawindaji wangewamaliza wanyama hao. Mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi tarehe 21 Aprili 1925, na mbuga ikapewa jina lake. Ilikuwa mbuga ya taifa ya kwanza barani Afrika. Wakaaji wa pembeni hawakuulizwa, na ugomvi wa mashamba na mipaka haujaisha mpaka leo.

Mwaka 1926 Akeley alipanda tena Mikeno na mke wake, Mary Jobe, akiwa tayari mgonjwa. Alifia Kabara, akazikwa hapo hapo. Mkewe alibaki kumalizia kazi ya msafara.

Mwaka 1959 mtafiti George Schaller aliweka kambi katika uwanda huo kuchunguza gorila. Mwaka 1967 Dian Fossey alianzia hapo kazi yake, akakaa miezi michache kabla askari hawajamshusha kwa sababu ya machafuko, naye akavuka kwenda Rwanda.