Harry Partch: Mtu Aliyekataa Kupimiwa Sauti na Gitaa

Nilipokuwa kijana wa sekondari nilinunua gitaa kuukuu, nikawa najaribu kufuatisha nyimbo za udi alizopenda kuzisikiliza ami yangu. Nyingi zilikubali. Mmoja ulikataa kabisa. Nikibonyeza hapa, sauti iko chini. Nikisogea nafasi moja mbele, imeshapita. Nikadhani gitaa ni bovu. Ami akacheka, akanambia sauti ninayoitafuta iko katikati na gitaa halikuwekewa mahali pake. Udi unayo kwa kuwa shingo yake haina vile vichuma vya kukatia sauti.

Miaka mingi baadaye nilisoma maisha ya Mmarekani mmoja, Harry Partch, nikamkumbuka ami. Bwana huyu alisumbuliwa na jambo lilo hilo, ila yeye hakutulia.

Partch alizaliwa Oakland, California, mwaka 1901. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa wamishonari Uchina, naye akalelewa kwenye jangwa la Arizona. Alipiga piano tangu utotoni na kutunga. Mwaka 1923 aliokota maktabani kitabu cha mtaalamu wa Kijerumani, Helmholtz, kuhusu elimu ya sauti. Hapo akafahamu kwamba zile sauti 12 za piano na gitaa ni makubaliano ya watu tu. Zimepangwa kwa umbali sawa ili kurahisisha mambo, na kwa hivyo nyingi zimesogezwa kidogo kutoka mahali pake pa asili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiubana uzi katikati, nusu yake hutoa sauti ile ile, juu zaidi. Ukibakisha theluthi mbili, unapata sauti nyingine inayopatana nayo vizuri. Partch aliendelea na mgawanyo huo hadi namba 11, akaishia na sauti 43 pale ambapo piano ina 12. Ukibakisha sehemu 9 kati ya 11, unaangukia katikati hasa ya sauti mbili za gitaa. Sauti hiyo ni jirani wa ile ya tatu katika maqam Rast, na Waarabu walikuwa nayo zamani. Mpiga udi Zalzal wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, jina lake limebaki kwenye nafasi ya kidole inayoitoa.

Mwaka 1930 Partch alitia jikoni kazi zake zote za miaka 14, akazichoma. Kisha akachukua gitaa na kuvipanga upya vichuma vyake kufuata hesabu zake. Baadaye akatengeneza jingine la nyuzi kumi, linalopigwa kwa kutelezesha kijiti juu yake. Kodi za kawaida za gitaa (si ile ya mwenye nyumba!) msingi wake ni sauti tatu zinazolia pamoja. Za Partch zilifika sita, nazo ziliganda pamoja kwa namna ambayo sikio lililozoea piano hushtuka kwanza, kisha likatulia.

Alilipa gharama. Mwaka 1935, akitoka Uingereza alikokwenda kwa msaada wa masomo, alikuta nchi yake imo katika dhiki ya uchumi. Kwa miaka kadhaa alizurura, akidandia treni za mizigo na kuchuma matunda mashambani. Karibu na mji wa Barstow alinakili maneno yaliyoandikwa na wasafiri maskini kwenye ukingo wa barabara, na mwaka 1941 akayatungia muziki wa sauti ya mtu na gitaa lake. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1949. Alifariki San Diego mwaka 1974, akiacha ala za ajabu alizozichonga mwenyewe, na muziki ambao bila ala hizo haupigiki. Hilo ndilo lililomponza: wa kumrithi walikuwa wachache.

Sasa tujitazame sisi. Partch aliijenga peke yake, kwa njaa, nyumba ambayo sisi wa pwani tumeirithi bure. Udi, fidla na ganuni zinazo sauti za katikati, na wazee wetu waliziimba bila kupiga hesabu yoyote. Lakini nenda harusini leo: kinanda kimoja cha umeme, sauti 12, na mwimbaji kijana anajilazimisha kufuata kinanda badala ya kinanda kumfuata yeye. Kizazi kimoja zaidi, na hata sikio la kuitambua ile sauti halitakuwepo.

Sisemi kinanda kivunjwe. Viko vinanda vinavyoweza kurekebishwa vitoe robo sauti. Wenye bendi waulize kabla ya kununua. Na mwenye mzee nyumbani anayejua udi, basi amkalishe kitako na kijana wiki hii. Ami yangu ameshatangulia mbele ya haki, na ule wimbo hadi leo sijaupata.