Nyota ya Burma na Maisha ya Jenerali China

Mnamo Mei 1945 Uingereza ilianzisha Nyota ya Burma, nishani ya ncha sita iliyokusudiwa wote waliopigana na Wajapani katika vita vya Burma. Nyuma yake palikuwa patupu; jina la mpokeaji halikuchorwa. Miongoni mwa Wakenya ambao utumishi wao uliwastahilisha kuivaa ni koplo Waruhiu Itote, ambaye miaka tisa baadaye mahakama ya serikali hiyo hiyo ilimhukumu kunyongwa.

Itote alizaliwa Nyeri mwaka 1922. Alijiunga na Keya mnamo Januari 1942, akapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Burma. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipenya Bonde la Kabaw katika masika ya 1944, tope na malaria vikiwatesa askari sawa na risasi za adui, hata Kalewa ikatwaliwa mwanzoni mwa Desemba. Itote alijifunza msituni namna ya kuvizia, kujificha na kuishi kwa kidogo. Alijifunza jambo jingine pia. Askari mmoja Mwingereza alimuuliza sababu ya kuipigania nchi isiyokuwa yake, naye akakosa jibu la kumridhisha hata yeye mwenyewe.

Aliporudi nyumbani hakuna kilichobadilika. Maaskari Wazungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliyetoka Burma alirudi na nishani na kipande. Itote akawa mchochea moto wa garimoshi, akaingia chama cha KAU, na mwaka 1950 akala kiapo. Mwaka 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa, aliingia msitu wa Mlima Kenya na kuwaongoza wapiganaji kwa jina la Jenerali China. Ujuzi wa Kabaw sasa ulielekezwa kwa waliomfundisha.

Waliowasaka Mau Mau walipewa nishani yao: ile ya Utumishi wa Afrika, yenye kibao kidogo cha Kenya. Hii, tofauti na Nyota ya Burma, ilichorwa jina la mwenyewe ukingoni. Baadhi ya walioipokea walikuwa askari wa Keya.

Tarehe 15 Januari 1954 Itote alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Hukumu ya kifo ilibatilishwa alipokubali kuwashawishi wenzake wajadiliane na serikali. Mazungumzo yalivunjika mwezi Aprili, na wapo waliomwita msaliti tangu siku hiyo. Shutuma hiyo ni nzito, ila inasahau kwamba aliyaandika mapatano yale akiwa chini ya kitanzi. Alifungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta, aliyemfunza Kiingereza.

Aliachiliwa mwaka 1962, akapata mafunzo ya kijeshi Israeli, kisha akawa naibu mkurugenzi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kumbukumbu zake za msituni zilichapishwa mwaka 1967. Alifariki mwaka 1993, miaka kumi kabla ya serikali ya Kenya kuondoa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau.