Dhyan Chand na wenzake wa pembeni



Mara hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye huku kwetu Punia wengi hawajasikia jina lake, na mchezo wake hatuuchezi. Ni Dhyan Chand, Mhindi, mchezaji wa hoki. Hoki inachezwa na watu 11 kila upande sawa na mupira wetu wa miguu, lakini kila mmoja anashika fimbo iliyopindika kwa chini, na mupira wenyewe ni mdogo, mgumu karibu kama jiwe. Zamani hizo watu watano walikaa mbele kwa mstari mmoja: wawili pembeni kabisa, wawili wa ndani, na mmoja katikati. Yule wa katikati ndiye Dhyan Chand. Tumemchagua sababu ya mabishano yaliyoko hapa shuleni juu ya ekipe yetu. Tutafika hapo.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1905 mjini Allahabad, baba yake akiwa askari. Naye aliingia jeshini mwaka 1922, na huko ndiko alikojifunza hoki kwa bidii. Wanasimulia kwamba mchana alikuwa kazini, basi alijizoeza usiku mwezi ukiwaka, na wenzake wakamwita Chand, maana yake mwezi. Mwaka 1926 ekipe ya jeshi ilikwenda New Zealand, wakashinda mechi 18 kati ya 21. Mwaka 1928 kule Amsterdam, katika michezo ya Olimpiki, Uhindi wakachukua dhahabu, naye peke yake akafunga magoli 14.

Mwaka 1932 walikwenda Los Angeles. Safari hii mdogo wake, Roop Singh, alikuwemo, naye alicheza ndani upande wa kushoto, karibu kabisa na kaka yake. Waliwapiga Wamarekani 24 kwa 1! Katika hayo 24, Roop Singh alifunga 10 na Dhyan Chand 8. Ni kweli Wamarekani hawakuwa na nguvu katika mchezo huo. Lakini fikirini watoto wawili wa nyumba moja: huyu hana haja ya kuinua macho, anajua yule atatokea wapi.

Sasa tusikilize vizuri habari za mwaka 1936, sababu hapo ndipo penye jambo. Dhyan Chand alikuwa kapiteni. Walifika Berlin mwezi wa Julai, na tarehe 17 wakacheza na Wajerumani mechi ya kujaribu tu. Wakapigwa 4 kwa 1. Uhindi, wenye dhahabu mbili! Hata miaka mingi baadaye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1952, aliandika kwamba hawezi kuisahau mechi ile. Roop Singh alikuwepo, yeye mwenyewe alikuwepo, lakini mkono wake wa kuume palikuwa na shimo. Mtu wa ndani upande wa kuume hakupatana na mchezo wao. Wakapiga telegramu kwao, wakaomba aletwe Ali Dara, askari mwenzao, haraka, kwa ndeke.

Dara alifika karibu na nusu fainali. Ufaransa wakapigwa 10 kwa 0. Tarehe 15 Agosti, fainali na Wajerumani wale wale. Mvua ilikuwa imenyesha, kiwanja kimelowa, na mpaka mapumziko ilikuwa 1 kwa 0 tu. Dhyan Chand akavua viatu vyake vya misumari apate kukimbia vizuri. Mwisho ikawa 8 kwa 1.

Mtu atasema: hata kabla Dara hajafika, waliwapiga Wajapani 9 kwa 0. Ndiyo. Lakini si Wajapani waliowafunga 4 mwezi wa Julai.

Kuna jambo lingine lilitushangaza sisi. Alipoulizwa mechi gani ilikuwa nzuri kupita zote, hakutaja Berlin wala Los Angeles. Alitaja fainali ya Kombe la Beighton ya mwaka 1933, Jhansi Heroes na Customs ya Calcutta. Ilikwisha 1 kwa 0, na goli hakulifunga yeye. Alitoa pasi ndefu, Ismail akakimbia nayo nusu ya kiwanja, akafunga. Na K.D. Singh Babu, aliyecheza naye, alisimulia kwamba siku moja Dhyan Chand alimpa pasi, kisha akamgeuzia mgongo akaenda zake. Babu alipomuuliza sababu, akajibu kwamba asiyeweza kufunga kwa pasi ile hafai kuwa katika ekipe yake. Maneno makali, lakini yanaonyesha alivyozihesabu pasi.

Desemba 1947 alishuka Mombasa na ekipe ya Uhindi. Alikuwa na miaka 42, na waliowaalika walikuwa wametaka lazima yeye awemo.

Sasa kwetu. Sisi tuliopewa kazi ya kusaidia kupanga ekipe ya shule tulikosea, tunakiri. Tuliwakusanya wafungaji wakubwa wa madarasa manne, tukawaweka wote mbele. Tukapigwa 3 kwa 0. Kila mmoja alitafuta goli lake, wawili hata hawakuongea. Tena kuna kijana mmoja, hatumtaji, hajafunga hata goli moja mwaka huu, na wengi wanatuomba tumtoe. Tumehesabu. Magoli matano ya muhula uliopita yalitoka katika pasi zake.

Dhyan Chand alitoka jeshini mwaka 1956, akafa tarehe 3 Desemba 1979 mjini Delhi. Mwili wake ulipelekwa Jhansi, ukachomwa kwa desturi ya kwao katika kiwanja kile alichochezea. Dara, baada ya nchi yao kugawanyika, alikuwa kapiteni wa Pakistani katika Olimpiki ya London mwaka 1948.

Orodha ya mechi ya Jumamosi tumekwisha kumpa mwalimu wa michezo. Jina la yule kijana limo, ndani, upande wa kuume.