Jaji aliyeuliza jirani ni nani

Juzi nilikwenda Embulbul, njia ya Ngong, kumjulia hali mtoto wa ami yangu. Ana vyuma mguuni tangu gari limgonge akiwa kando ya barabara. Nilipomuuliza habari za fidia, alisema ni kadari tu. Kadari tunaiamini sote, ndugu msomaji, ila haimfutii dereva dhima yake. Nikamsimulia habari za jaji mmoja wa Uingereza.

James Richard Atkin alizaliwa Brisbane, Australia, mwaka 1867. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa Wales kwa upande wa mamake. Akawa wakili mwaka 1891, jaji mwaka 1913, na mwaka 1928 akafika mahakama ya juu kabisa ya nchi ile.

Mwaka huohuo, mjini Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafikiye. Chupa ilikuwa nyeusi. Alidai kuwa masalio yalipomiminwa alitoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Lakini soda hakuinunua yeye, na na mtengenezaji hawakuwa na mkataba wowote. Amdai nani, na alikuwa maskini?

Mwaka 1932 majaji watano waliamua, watatu kwa wawili, kuwa ana haki ya kumshtaki mtengenezaji. Atkin alianzia kwenye amri ya dini ya kumpenda jirani, akauliza jirani ni nani mbele ya sheria. Jibu lake: ni yeyote ambaye ungepaswa kujua kuwa uzembe wako utamdhuru, hata kama humjui. Alifariki mwaka 1944, lakini kipimo chake mahakama za Kenya hukitumia hadi leo.

Basi jirani wa dereva ni mama mboga na mtoto wa shule walio kando ya barabara. Asiyetazama mbele ni mzembe. Anayejua breki zimekufa na bado akapakia abiria, huyo amepuuza roho za watu kwa kujua. Wote wana dhima, wa pili zaidi.

Ila haki ina muda wake. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ukiishtaki serikali, mwaka 1 tu. Mtoto wa ami yangu amebakiwa na miezi minne. Nilimwacha akitafuta fomu yake ya P3 chini ya godoro.