James Watt na Nguvu ya Mvuke

Ukitoka Moshi mjini ukashuka kuelekea kusini mashariki, utafika Kahe. Hapo nchi ni tambarare na jua ni kali kuliko mlimani. Siku isiyo na mawingu, kilele cha Kibo huonekana kwa mbali, cheupe juu ya mashamba. Kahe ina stesheni. Reli itokayo Tanga hupita hapo kwenda Moshi na Arusha. Hapo pia ndipo reli hiyo ilipounganishwa na ile ya kutoka Voi, Kenya, ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Simama kando ya reli hiyo, mahali palipo salama, ujiulize: kabla haijajengwa, mizigo ya pwani ilifikaje huku? Ilifika juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, akatembea kilomita 20 hivi kwa siku. Kutoka Tanga hadi Moshi kwa njia ya reli ni kilomita 352. Piga hesabu, nawe utaona ya kuwa alihitaji zaidi ya siku 17. Kisha likaja garimoshi. Lilivuta kwa mara moja mizigo ya mamia ya wapagazi, wala halikuchoka.

Nguvu hiyo ilitoka katika maji yanayochemka. Katika sura hii utasoma habari za mtu aliyewafundisha wanadamu kuitumia vizuri. Utasoma pia jinsi nguvu hiyo ilivyobadili kazi, miji na maisha ya watu, wakiwamo watoto wa umri wako.

Utoto wake

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa Greenock, penye bandari, huko Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. James alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, aliyesumbuliwa mara kwa mara na maumivu ya kichwa. Kwa hiyo siku nyingi alibaki nyumbani, na mama yake akamfundisha kusoma. Katika karakana ya baba yake alipewa vifaa vyake mwenyewe, akajifunza kupima, kukata na kuunganisha vitu vidogo kwa uangalifu mkubwa.

Labda umewahi kusikia kwamba Watt alibuni mtambo wa mvuke baada ya kuona kifuniko cha birika kikirukaruka. Hadithi hiyo hupendwa na wengi, lakini haieleze kazi yake ilivyokuwa. Mitambo ya mvuke ilikuwapo kabla yeye hajazaliwa. Alichofanya Watt ni kuona kasoro ambayo wengine waliizoea, kisha kutafuta dawa yake kwa miaka mingi.

Fundi aliyekataliwa

Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya kupimia. Kwa desturi ufundi huo ulihitaji miaka saba, lakini yeye alijifunza kwa bidii na kurudi baada ya mwaka mmoja tu. Alipotaka kufungua karakana katika mji wa Glasgow, chama cha mafundi kilimkatalia kwa kuwa hakutimiza miaka saba. Ndipo Chuo Kikuu cha Glasgow kilipompa chumba ndani ya chuo, naye akawa fundi wa vyombo vya wanasayansi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 na 1764, aliletewa mfano mdogo wa mtambo wa mvuke ili autengeneze. Ulikuwa mfano wa mtambo aliobuni Thomas Newcomen, ambao tangu mwaka 1712 ulitumiwa kuvuta maji kutoka katika machimbo ya makaa ya mawe. Watt aliutengeneza, lakini kila ulipofanya kazi kidogo ulisimama kwa kuishiwa na mvuke. Fundi mwingine angeurudisha na kudai ujira wake. Watt alitaka kujua sababu.

Jaribio

Ili uelewe jambo alilolichunguza, fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu. Mwalimu atie maji ya moto kiasi katika chupa ya plastiki, aitikise kidogo, kisha ayamwage. Papo hapo afunge kifuniko kwa nguvu. Sasa mwageni maji baridi juu ya chupa. Mnaona nini? Chupa hujikunja na kubonyea kana kwamba imeminywa na mkono.

Chupa ilikuwa imejaa mvuke na hewa ya moto. Mvuke ulipopoa uligeuka kuwa matone ya maji. Maji huchukua nafasi ndogo sana kuliko mvuke, kwa hiyo ndani ya chupa nafasi kubwa ilibaki karibu tupu. Hewa ya nje ikaibonyeza chupa kwa uzito wake. Msukumo huo huitwa kanieneo ya hewa.

Mtambo wa Newcomen ulifanya kazi kwa njia hiyo. Mvuke uliingia katika silinda kubwa, na maji baridi yakarushwa humo humo. Mvuke ulipogeuka maji, hewa ya nje iliisukuma pistoni chini, na kwa mwendo huo pampu ikavuta maji.

Dawa ya kasoro

Watt aligundua kwamba sehemu kubwa ya mvuke ilipotea bure. Kila mara silinda ilipozwa kwa maji baridi, kisha mvuke mpya ukatumika kuipasha moto upya. Ilikuwa kama mpishi anayezima jiko kila anapopakua sahani moja, kisha akaliwasha tena.

Siku moja ya mwezi Mei, mwaka 1765, alipokuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow, jibu lilimjia. Mvuke upozwe katika chombo kingine, kilichounganishwa na silinda kwa bomba. Hivyo silinda itabaki na joto wakati wote, na chombo kile kitabaki baridi wakati wote. Jambo hilo lilikuwa dogo kulisema, lakini kulifanya kulimchukua zaidi ya miaka kumi.

Mafundi wa siku zile hawakuweza kutengeneza silinda laini ya kutosha, na mvuke ulivuja. Fedha zilikwisha. Mshirika wake wa kwanza alifilisika, na mwaka 1773 mkewe Margaret alifariki. Mwaka uliofuata Watt alihamia Birmingham, Uingereza, akashirikiana na mwenye kiwanda aliyeitwa Matthew Boulton. Fundi John Wilkinson aliwatobolea silinda zilizo sawasawa. Hatimaye, mwaka 1776, mitambo yao ilianza kazi. Iliokoa zaidi ya nusu ya makaa yaliyoteketezwa na ile ya zamani.

Mwanzoni mitambo hiyo ilivuta maji tu. Katika miaka ya 1780 Watt aliiongezea gia ili izungushe magurudumu. Tangu hapo iliweza kuendesha mashine za kusokota nyuzi, kusaga nafaka na kufua chuma. Ili wanunuzi wajue uwezo wa kila mtambo, aliulinganisha na kazi ya farasi. Ndiyo maana mpaka leo twasema injini ina nguvu za farasi kadhaa.

Kazi na miji vyabadilika

Sasa fikiri juu ya kijiji cha Uingereza kabla ya mitambo hiyo. Mama alisokota pamba nyumbani, baba alifuma nguo, na watoto walisaidia. Walifanya kazi kwa bidii, lakini wao wenyewe walipanga saa ya kuanza na saa ya kupumzika.

Viwanda vya kwanza vya nyuzi viliendeshwa kwa maji ya mito, kwa hiyo vilijengwa mabondeni. Mwaka 1785 kiwanda cha pamba huko Papplewick kilianza kutumia mtambo wa Watt. Kutoka hapo kiwanda hakikufungwa tena na mto. Kiliweza kujengwa mjini, penye watu wengi na makaa ya mawe. Mwaka 1801 mji wa Manchester ulikuwa na watu wasiofika laki moja. Kufikia mwaka 1851 walikuwa wamezidi laki tatu. Nyumba zilijengwa kwa kubanana, maji safi yalikuwa haba, moshi ulifunika anga, na kipindupindu kikaua wengi.

Watu nao waligawanyika katika matabaka mapya. Tabaka moja lilikuwa la wenye viwanda, waliomiliki mitambo na kupata faida yake. Tabaka lingine lilikuwa la wafanyakazi, ambao hawakuwa na mali ila nguvu za mikono yao, nao waliziuza kwa ujira wa kila wiki. Wafumaji wa nyumbani walishindwa kushindana na mashine, wakawa maskini.

Watoto walikuwamo katika tabaka hilo la pili. Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, kama wewe, aliamka kabla ya mapambazuko akaenda kiwandani. Aliunga nyuzi zilizokatika, au alitambaa chini ya mashine zilizokuwa zikienda ili afagie pamba. Alifanya kazi saa 12 au zaidi kwa siku. Mashine haikuchoka, lakini yeye alichoka, na waliosinzia waliumia. Mbali ng'ambo ya bahari, huko Marekani, pamba ya viwanda hivyo ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Waliunda vyama, na mwaka 1824 sheria iliyovikataza ilifutwa. Mwaka 1833 sheria nyingine ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo. Waliokuwa na umri kati ya miaka 9 na 13 hawakuruhusiwa kuzidisha saa 48 kwa wiki, na wakaguzi waliwekwa kuvitazama viwanda. Mtambo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni sheria, kwa kuwa watu waliidai.

Mvuke wafika kwetu

Watt hakutengeneza garimoshi. Wahandisi waliomfuata ndio walioweka mtambo wa mvuke juu ya magurudumu. Mwaka 1830 reli ya kati ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa.

Kabla ya reli kufika kwetu, kazi ya mvuke ilikuwa imekwisha fika kwa njia ya nguo. Mwaka 1847 kiwanda cha pamba kilichoendeshwa kwa mvuke kilianza kazi huko Salem, Marekani. Wafanyabiashara wa mji huo waliuza nguo Unguja, na misafara ikazipeleka bara. Nguo hizo ziliitwa marekani.

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893 chini ya Wajerumani, na reli ikafika Moshi mwaka 1911. Boma lao la zamani lilikuwa juu mlimani, Old Moshi, lakini mji wa Moshi uujuao ulikua chini, penye stesheni. Wapagazi walipungua, wakatokea makuli, mafundi wa reli na vibarua wa mashamba ya mkonge. Wengi hawakwenda kwa hiari. Tangu mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilidai kodi ya nyumba, na asiye na fedha alilazimika kuacha shamba lake atafute ujira. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro nao walipata njia ya kufikisha mazao yao baharini. Ili wasipunjwe waliungana, na mwaka 1933 wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU. Wafanyakazi wa Tanganyika waliunda shirikisho la vyama vyao mwaka 1955.

Magarimoshi ya mvuke yaliondoka, yakaja ya dizeli. Kwa miaka mingi treni hazikufika Moshi, mpaka ziliporudi mwaka 2019. Lakini mvuke haujastaafu. Si mbali na Kahe, katika kiwanda cha sukari cha TPC huko Arusha Chini, makapi ya miwa huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wake huzalisha umeme.

Mwisho wa maisha yake

James Watt alistaafu mwaka 1800 akiwa tajiri, lakini aliendelea kutengeneza vitu katika karakana yake ndogo nyumbani. Alifariki karibu na Birmingham tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na umri wa miaka 83. Baadaye wanasayansi waliamua kipimo cha nguvu kiitwe wati kwa heshima yake. Tazama maandishi yaliyo juu ya balbu ya umeme, utaliona jina lake.

Kutoka kwa Watt jifunze kutoridhika na kasoro, na kutafuta sababu yake mpaka uipate. Lakini kumbuka na wale watoto wa kiwandani. Mashine hupunguza kazi, wala haiamui ni nani atakayepumzika na ni nani atakayepata faida. Hayo huamuliwa na watu. Basi utakapoona mashine mpya kijijini kwenu, uliza maswali mawili: inafanyaje kazi, na inamfanyia nani?

Maswali

1. Kwa nini chupa ya plastiki ilibonyea ilipomwagiwa maji baridi?
2. Mtambo wa Newcomen ulikuwa na kasoro gani? Watt aliiondoaje?
3. Eleza kwa nini viwanda viliweza kuhamia mijini baada ya mwaka 1785.
4. Waulize wazee wa mahali unapoishi: ni kazi gani zilizokuwapo zamani ambazo sasa hufanywa na mashine? Andika tatu, na ueleze waliozifanya walikwenda kufanya kazi gani.