Bibi Leavitt na Kipimo cha Nyota

Tangu zamani watu walitazama nyota wasijue umbali wake. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huweza kuonekana sawasawa gizani, kadhalika nyota. Hata mwanzo wa karne ya 20 wataalamu wenye darubini kubwa walikuwa wakibishana. Wengine walisema ulimwengu wote ni kundi moja la nyota, ambalo jua letu limo ndani yake. Wengine walisema yako makundi mengine, mbali sana. Aliyewapa kipimo cha kukata shauri hilo ni mwanamke wa Marekani, Henrietta Swan Leavitt.

Alizaliwa tarehe 4 Julai, 1868, katika mji wa Lancaster, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alimaliza masomo ya juu mwaka 1892, na mwaka uliofuata akaenda kufanya kazi pasipo mshahara katika nyumba ya kutazamia nyota ya Harvard. Baadaye alipatwa na ugonjwa, na masikio yake yakazidi kupungua nguvu hata akawa kiziwi. Walakini hakuiacha elimu ya nyota. Aliporudi Harvard alilipwa senti 30 kwa saa.

Siku zile haikuwa desturi kuwaachia wanawake darubini kubwa. Kazi yao ilikuwa kuketi mezani na kuchungua picha za mbingu zilizopigwa juu ya vioo. Katika vioo hivyo kila nyota ilikuwa doa dogo jeusi. Nyota ikizidi kung'aa, doa lilizidi ukubwa. Bibi Leavitt alitafuta nyota zibadilikazo, yaani zile ambazo mwanga wake huongezeka, hupungua, kisha huongezeka tena. Alilinganisha kioo cha usiku huu na kioo cha usiku ule, doa kwa doa, mwaka baada ya mwaka. Katika maisha yake alivumbua nyota za namna hiyo zaidi ya 2,400.

Picha nyingine zilitoka Arequipa, katika nchi ya Peru, ambako Harvard walikuwa na darubini. Katika mbingu za kusini yako mawingu mawili meupe yaitwayo Mawingu ya Magellan. Hata katika Afrika ya Mashariki huonekana upande wa kusini, mwishoni mwa mwaka, usiku wa giza usio na mwezi. Nayo si mawingu kweli, ila ni nyota nyingi mno. Mwaka 1908 Bibi Leavitt alitangaza nyota 1,777 zibadilikazo katika mawingu hayo.

Ndipo alipoona jambo kubwa. Mtu akitazama usiku kijiji kilicho ng'ambo ya bonde, mioto yote ya kijiji kile ni kama iko umbali mmoja. Moto uonekanao mkubwa ndio mkubwa kweli. Vivyo hivyo nyota za wingu moja. Bibi Leavitt aliona kwamba nyota za aina moja zenye mwanga mkubwa hubadilika polepole, na zenye mwanga mdogo hubadilika upesi. Mwaka 1912 alionyesha kanuni hiyo kwa nyota 25 za Wingu Dogo. Basi tangu hapo mtu aliweza kuhesabu siku za kubadilika kwa nyota, akajua nguvu ya mwanga wake. Kisha akiona jinsi unavyofifia machoni, akapata umbali wake.

Bibi Leavitt alikufa kwa ugonjwa wa saratani tarehe 12 Desemba, 1921, kabla hajaona matunda ya kazi yake. Mwaka 1923 Edwin Hubble, katika mlima wa Mount Wilson huko California, aliona nyota ya namna ile ile ndani ya wingu la Andromeda. Alipotumia kanuni ya Bibi Leavitt, aligundua kwamba wingu lile liko nje kabisa ya kundi letu. Leo umbali wake wajulikana kuwa miaka ya nuru kama 2,500,000. Na nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja.

Hivyo shauri lilikatika. Makundi hayo huitwa galaksi, na sehemu ya ulimwengu iwezayo kuonekana ina galaksi zaidi ya milioni 100,000. Upana wake ni miaka ya nuru kama milioni 93,000.

Mwaka 1925 mtaalamu mmoja wa Sweden alimwandikia Bibi Leavitt barua, akikusudia kumtaja apewe zawadi ya Nobel. Hakujua kwamba amekwisha kufa, wala zawadi ile haikupewa wafu. Lakini kipimo chake chatumika hata leo. Haba na haba hujaza kibaba: madoa madogo juu ya vioo, yaliyohesabiwa kwa uaminifu na mtu asiyesikia, yaliwafungulia watu mlango wa ulimwengu.