Kabla ya James Bond: Jasusi aliyemuua Koitalel, kisha akaiba hata ndege wa makumbusho

STELINGI hafi. Hiyo ndiyo sheria ambayo sote tulifundishwa na mabanda ya video, kuanzia Litein hadi Kapkatet, tangu enzi za kanda hadi hizi za DJ Afro. Adui anaweza kumwaga risasi debe zima, stelingi atatoka akijipangusa vumbi. Ndiyo maana mwisho wa No Time to Die, filamu ya 25 ya James Bond iliyotoka 2021, uliwagawa mashabiki mara mbili. Bond wa Daniel Craig alikufa, bana. Kombora lilimpata kisiwani na hakuna aliyemwokoa.

Tangu hapo ubishi haujaisha. Kuna wanaoapa kwamba hadithi ilikamilika pale na kuendelea ni tamaa ya pesa tu. Kuna wanaomtaka Bond mweusi, na jina la Idris Elba limetajwa miaka nenda miaka rudi hadi mwenyewe akachoka nalo. Mwaka wa 2025 Amazon ilipochukua usukani kutoka kwa familia ya Broccoli, na kazi ya uelekezi ikapewa Denis Villeneuve, yule wa Dune, moto ukachochewa upya. Je, Bond ajaye awe mpole au katili? Awe wa leo au arudishwe enzi za zamani?

Kwa sisi wa upande huu wa majani chai, swali hilo la ukatili lina jibu lililo karibu kuliko London. Miongoni mwa majasusi wa Kiingereza ambao waandishi kadhaa wamewataja kuwa huenda walichangia kumuumba Bond, yumo mmoja aliyetembea kwenye vilima vya Nandi, jirani zetu hapo kaskazini. Jina lake ni Richard Meinertzhagen. Ushahidi kwamba Ian Fleming alimtumia kama kielelezo ni mwembamba, tuseme ukweli. Lakini maisha ya jamaa huyu yanatosha filamu tatu, na katika zote hutajua kama unamtazama stelingi au adui.

Alizaliwa London mnamo Machi 3, 1878, katika familia ya mabenki yenye asili ya Ujerumani. Ni watu wa pesa na wa majina makubwa. Shangazi yake upande wa mama alikuwa Beatrice Webb, mwanamke aliyesifika katika siasa za kisoshalisti Uingereza. Kijana alipelekwa shule ya Harrow, akajaribu kazi ya benki, ikamshinda kwa kumchosha. Alichopenda ni vitu viwili: bunduki na ndege. Ndege wa mabawa, sio eropleni. Aliwawinda, akawachuna, akawajaza pamba na kuwaandikia vibandiko. Hobi hiyo ikumbuke, maana ndiyo itakayokuja kumuumbua.

Jeshi lilimpeleka India kwanza, kisha mwaka wa 1902 akafika huku Afrika Mashariki kujiunga na King's African Rifles, wale tuliozoea kuwaita KAR. Huku alijijengea sifa ya aina mbili. Wanasayansi walimpenda kwa sababu ndiye aliyewapelekea mabaki ya nguruwe mkubwa wa msituni, mnyama ambaye wao hawakuwa wamemjua. Mwaka wa 1904 mnyama huyo akapewa jina la kisayansi lenye jina la Meinertzhagen ndani yake, na analo hadi leo. (Wenyeji wa misitu hiyo walikuwa wakimjua nguruwe huyo tangu jadi, lakini nani aliwauliza?) Sifa ya pili ilikuwa ya damu. Katika shajara zake alieleza mashambulizi ya vijiji bila kuona aibu.

Wakati huo Wanandi walikuwa wamewatoa jasho Waingereza kwa miaka kumi. Reli ya Uganda, iliyofika ziwani mwaka wa 1901, ilikuwa inapita mpakani mwa nchi yao, na wao walikuwa wanang'oa vyuma vyake kufulia silaha na kukata nyaya za simu kutengenezea mapambo. Aliyewaongoza ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wao. Baba yake, Kimnyole, ndiye ambaye simulizi zinasema alitabiri ujio wa nyoka wa chuma. Ukoo wao, Talai, ulikuwa na mizizi hata huku kwa Wakipsigis: ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, alihamia huku baada ya mzozo wa urithi na akawa Orkoiyot wa huku. Kwa hivyo usidhani stori hii ni ya Nandi pekee.

Oktoba 19, 1905. Ni siku moja kabla ya tarehe ambayo sasa tunaadhimisha Mashujaa. Meinertzhagen alikuwa ameomba mkutano wa kuzungumza amani, na Koitalel akakubali. Walikutana mwendo wa asubuhi juu ya kilima. Mwingereza alikuja na wachache karibu naye, lakini askari wengine wenye bunduki walikuwa wamejificha si mbali. Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko tangazo la biashara: Koitalel alipigwa risasi kwa karibu, na wenzake zaidi ya ishirini wakauawa pale pale.

Meinertzhagen alidai kwamba walipopeana mikono alivutwa, mshale ukaruka, naye akajitetea. Wanandi wanasimulia kwamba Orkoiyot alikuja kwa salamu na akauawa akiwa katika salamu hiyo. Wapo hata maafisa wenzake Waingereza waliomtilia shaka. Mabaraza ya uchunguzi yaliketi mara tatu na mara zote yakamsafisha. Lakini ukitaka kujua wakubwa waliamini nini hasa, tazama walichofanya: mwaka wa 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Mtu aliyesafishwa mara tatu hafukuzwi hivyo.

Mbona mwandishi wa filamu asingeweza kubuni hila kama hiyo na kumpa Bond? Kwa sababu watazamaji wangemchukia. Bond huua adui anayemwandama kwa bastola, si mzee aliyemnyoshea mkono. Hapa ndipo mimi huachana na wale mashabiki wanaosema wanataka Bond halisi, asiyepakwa sukari. Huyo halisi alikuwapo, na waliomwona akifanya kazi hawakupiga makofi.

Baada ya mauaji hayo upinzani wa Wanandi ulivunjwa. Msafara wa kijeshi uliteka ng'ombe kwa maelfu, watu wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa na ardhi nzuri ikaenda kwa walowezi. Huku kwetu nako ukoo wa Talai haukusahauliwa: mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa, na mamia yao wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Kesi ya ardhi ya Wakipsigis na Watalai ilifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka wa 2022. Kwa hivyo ukiona mzee anakunja uso unapotaja jina la Meinertzhagen, usimwambie hayo ni mambo ya kale.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimrudisha. Safari hii alikuja kama afisa wa ujasusi. Novemba 1914 alikuwapo Tanga, jeshi kubwa la Waingereza lililotoka India lilipochapwa na kikosi kidogo cha Wajerumani cha von Lettow-Vorbeck, huku nyuki nao wakiingilia kati. Kisha akajenga mtandao wa wapelelezi katika eneo la Wajerumani. Waliovuka mistari na kuhatarisha shingo zao walikuwa Waafrika. Vitabu vikamsifu yeye. Na kama unatarajia saa zenye miale na magari yanayozama baharini, pole sana. Silaha yake maarufu zaidi ilikuwa karatasi za chooni. Maafisa wa Kijerumani walikuwa wakijipangusia barua na amri za kijeshi, naye akawalipa watu wa kuziokota. Siri zilisomwa hivyo. Hebu mfikirie Q akimkabidhi Bond kazi hiyo.

Mwaka wa 1917 alikuwa Palestina, na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi iliyompa umaarufu duniani. Shanta lenye nyaraka za uongo lilidondoshwa mbele ya Waturuki ili waamini kwamba shambulio kubwa lingekuja Gaza. Waingereza wakapiga Beersheba, wakaiteka Oktoba 31. Kwa miaka mingi Meinertzhagen alisema wazo lilikuwa lake na kwamba yeye ndiye aliyepanda farasi na kulidondosha shanta. Wazo la aina hiyo lilipendwa na majasusi: mwaka wa 1939 ofisi ya ujasusi wa majini alimofanya kazi Fleming iliorodhesha hila ya kutumia maiti yenye nyaraka bandia, na mwaka wa 1943 wengine wakaitekeleza kabla ya kuvamia Sicily.

Lakini ngoja. Mwaka wa 2007 mwandishi Mmarekani Brian Garfield alichapisha kitabu kilichopitia rekodi za kijeshi, na akahitimisha kwamba wazo la shanta lilitoka kwa afisa mwingine na farasi aliendeshwa na mwingine tena. Bingwa wetu alikuwa amejiandikia filamu. Shajara zake, alizozipiga taipu upya, zimejaa mambo ya ajabu: eti alikutana na Hitler akiwa na bastola mfukoni, eti alisaidia kumtorosha kwa eropleni binti wa mfalme wa Urusi. Mnamo 1957 alichapisha zile za huku kwa jina la Kenya Diary, na wengi walizisoma kama ushahidi. Sasa jiulize: simulizi yake ya kile kilima cha Nandi tuiamini kwa msingi gani?

Mwaka wa 1928 mkewe wa pili, Anne, mwanasayansi wa ndege kwa haki yake, alikufa kwa risasi nyumbani kwao Scotland. Hakukuwa na mtu mwingine pale isipokuwa mumewe. Iliamuliwa kuwa ni ajali. Garfield hakukubali, ingawa naye hakuweza kuthibitisha lolote.

Ndege ndio waliomshtaki. Mwaka wa 1954 alilipa Jumba la Makumbusho la Uingereza mkusanyiko wa ndege wapatao 20,000, zawadi ya kifalme. Miaka ya 1990 wataalamu walipoanza kukagua jinsi walivyochunwa na kushonwa, waligundua kwamba wengi walikuwa wameibwa, baadhi yao kutoka makumbusho hayo hayo, kisha wakabandikwa vibandiko vipya vya mahali na tarehe za uongo. Bundi mmoja adimu wa India alikuwa amefichwa na uongo huo: alidai kumpata mwaka wa 1914, kumbe alikuwa wa mtu mwingine, wa karne ya 19. Mwanasayansi Pamela Rasmussen alipopuuza kibandiko hicho na kutafuta kwingine, alimwona bundi huyo akiwa hai mwaka wa 1997.

Na hapa kuna kichekesho kwa mashabiki sugu. Jina la James Bond lenyewe Fleming alilichukua kwa mtaalamu wa ndege, Mmarekani aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya Karibiani. Huyo alikuwa mtu wa kweli, mtulivu, na hakuiba ndege wa mtu.

Meinertzhagen alikufa London mnamo Juni 17, 1967, akiwa na miaka 89. Siku tano tu kabla, jijini humo humo, You Only Live Twice ya Sean Connery ilikuwa imezinduliwa. Fimbo tatu za uongozi alizochukua kwa Koitalel zilibaki Uingereza katika familia yake hadi 2006, mwanawe alipozirudisha. Ni mwaka ule ule Daniel Craig alipoanza kazi na Casino Royale, ile yenye waasi wa Mbale. Fimbo zilirudi Nandi Hills, zikiwa zimekaa ng'ambo miaka 101.